Mashine ndogo za muunganiko wa nyuklia: udogo wake usiwatishe wala kuwadanganya

Tangu NRC, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani, ilipoamua Aprili 2023 kuweka mashine za muunganiko (zinazounganisha viini vya atomi nyepesi ili kutoa nishati) chini ya kanuni za vifaa vya mionzi badala ya zile za vinu vya nyuklia, sisi wadhibiti wa mionzi tunapokea maswali mengi. Wapo wanaodhani serikali imelegeza kamba. Haikulegeza. Kanuni imefuata kilichomo ndani ya mashine.

Chukua SPARC, mashine ndogo ya muunganiko inayojengwa Devens, jimbo la Massachusetts. Kitovu cha plazma yake, yaani gesi yenye joto kali mno iliyozungushwa kama pete, kiko mita 1.85 kutoka mhimili wa katikati ya pete hiyo. Cha ITER, mashine kubwa ya kimataifa kule Ufaransa, ni mita 6.2. Tofauti inatokana na sumaku: tesla (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) 12.2 dhidi ya 5.3. Uga ukizidishwa mara mbili, na plazma ikibakiza uwiano uleule wa shinikizo, kila mita ya ujazo hutoa nguvu mara 16. Mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha SPARC yaweza kutoa takriban mara 11 ya joto inaloingiziwa. Ikipita mara 5, chembe za alfa, zinazozaliwa na muunganiko wenyewe, huipasha plazma zaidi kuliko mitambo ya nje, na hapo ndipo watafiti wanapopata wanachokitafuta: plazma inayojipasha yenyewe.

Gharama ya sumaku kali hivyo ni chuma. Kwenye tesla 20, kiwango ambacho sumaku ya majaribio ilifikia Septemba 2021, shinikizo la uga ni kama mara 1,600 ya lile la hewa tunayovuta. Mhandisi anabanwa kati ya chuma cha kuizuia sumaku isipasuke na kinga ya kuzuia nyutroni, chembe zinazoruka kutoka kwenye muunganiko, zisiiharibu, vyote kwenye nafasi finyu. Miundo ya zamani ya mashine ndogo, kama ule wa Marekani ulioitwa FIRE, ilitegemea shaba iliyopozwa kwa naitrojeni kimiminika. Kila mpigo, yaani kila mara mashine inapowashwa, ulipaswa kukatwa baada ya sekunde kama 20 shaba isipate joto kupita kiasi.

Na hapana, mashine ya muunganiko hailipuki kama bomu. Nimelijibu hili mara nyingi kuliko inavyostahili. Fueli iliyomo chemba kwa wakati wowote haifiki gramu moja, na plazma ikitibuka, yaani ikipoteza utulivu ghafla, huzimika. Hasara ya mtibuko ni ya mwenye mashine.

Kinachotuhusu sisi ni tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi inayotumika kama fueli, na chuma kilichopigwa na nyutroni hadi kikawa na mionzi. Mwombaji wa leseni hupeleka maombi kwenye mpango wa udhibiti wa mionzi wa jimbo, akitaja kiasi cha juu cha tritiamu atakachomiliki, afisa kinga ya mionzi aliyeteuliwa, taratibu za dharura, na jinsi atakavyothibitisha kwamba mwananchi wa kawaida hapati mionzi zaidi ya milisiveti 1 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka. Akikiuka, hupewa notisi ya ukiukaji. Kosa likiwa zito, hutozwa faini, au leseni husimamishwa, hata kufutwa. Muda wa leseni ukiisha vifaa vikiwa bado ndani, wajibu wa kuvitunza haukomi hadi mdhibiti athibitishe kwa maandishi kwamba leseni imefungwa.