Siku Moja Fort Jesus: Mnayoambiwa na Yalivyo

Shule zikifungwa Disemba, nyumba yetu Mombasa hugeuka hoteli. Waja mashemeji, waja wajomba na marafiki wa wajomba, kila mmoja na ratiba yake kwenye simu. Ya karibuni niliyoonyeshwa ni ya shemeji yangu wa Nakuru: saa tatu ngome ya Fort Jesus, saa nne Mji wa Kale, saa sita wanyama wa Haller Park, saa tisa ufuo wa Diani, saa moja usiku garini kurudi bara. Nikaisoma mara mbili. Vituo vyote alikuwa amevipata sawasawa. Alichosahau ni jua, adhana na maji. Mombasa ni kisiwa, na mgeni asiyeipanga siku yake kwa hayo matatu ataimaliza ndani ya matatu, shati limemganda mgongoni.

Basi hapa nimekusanya maneno ninayoyasikia kila mwaka langoni mwa ngome na njiani kwenda huko. Mengine ni ya historia, mengine ni ya tumbo na nauli.

"Ilijengwa na Vasco da Gama"

Hili ndilo linaloongoza. Wanafunzi wanaoletwa kwa basi hulisema wakiingia na hulisema wakitoka. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498, wenyeji wakamshuku, akaenda zake Malindi alikopata urafiki. Alifariki mwaka 1524. Ngome ilianza kujengwa 1593, yeye akiwa kaburini karibu miaka 70. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mtumishi wa mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa akiitawala Ureno pia.

Kilichowafanya Wareno wajenge ni hofu. Miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki aitwaye Ali Bey alishuka pwani hii, na miji kadhaa, Mombasa ikiwemo, ikamkaribisha. Wareno wakaleta merikebu za vita kutoka Goa, koloni lao huko India, mwaka 1589, wakamkamata. Baada ya hapo waliona hawatapata usingizi mpaka wawe na mizinga mlangoni mwa bandari. Bandari yenyewe si Kilindini yenye makontena unayoijua leo. Ni ile ya zamani, upande wa pili wa kisiwa, inayotazamana na Nyali. Ukisimama juu ya ukuta wa baharini utaona kwa nini pale: kila chombo kilichoingia kilipita chini ya pua ya mzinga.

Wengine husikia "Jesus" wakadhani wanakwenda kanisani. Ni jina tu ambalo Wareno waliipa ngome yao. Kanisa lilikuwamo ndani, na misingi yake ungali unaiona uani, lakini walioishi humo walikuwa askari.

Na yule mtu aliyelala chali, anayesemwa ndiye umbo la ngome? Wageni huzunguka uani wakimtafuta kichwa na miguu. Ni kweli ramani ya ngome ina umbo linalofanana na mwili wa binadamu, kwa kufuata mawazo ya wasanifu wa Ulaya wa zama zile, ila huwezi kuliona ukiwa umesimama ndani yake. Litazame kwenye picha iliyopigwa kutoka angani usiku kabla ya kwenda, kisha ukifika uangalie buruji zake nne, zile ngome ndogo zinazochomoza pembeni, zilivyopangwa ili kila moja iulinde ubavu wa mwenzake.

"Wareno walikaa mpaka Waarabu wakaja kuwapiga mizinga"

Hapa mambo ni matamu zaidi kuliko wanavyosimuliwa wageni, nami huomba watu wasiikimbilie sehemu hii.

Wa kwanza kuwatoa Wareno ngomeni hakutoka Oman. Alikuwa mtawala wa Mombasa mwenyewe, Yusuf bin Hassan. Babake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye akachukuliwa mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Walimrudisha kutawala wakidhani wamepata mtu wao. Agosti 1631 aliingia kwa kupitia lango, kama mgeni wa heshima, akamuua kapteni wa ngome. Mwaka uliofuata Wareno walileta jeshi, wakashindwa kumtoa. Aliondoka mwenyewe kwa meli, na wao wakarudi kwenye ngome aliyoiacha tupu. Ukuta ule mnene wote, na ulishindwa na mtu aliyepita mlangoni!

Kisha ndiyo wakaja Waomani. Mazingiwa yalianza Machi 1696 na hayakuisha mpaka Disemba 1698. Hebu fikiria: karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo, Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Kilichowamaliza zaidi ni maradhi na njaa. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome 1697. Wapiga mbizi waliichunguza miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa humo vimo kwenye jumba la maonyesho hapo hapo uani. Watu huvipita haraka wakikimbilia kupiga picha na mizinga. Ukisharudi kwenye ukuta wa baharini, yatazame yale maji: mabaki ya meli yangali chini huko.

Wareno waliirudia ngome kidogo, 1728 hadi 1729, wakafukuzwa tena. Baadaye wakashika Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, mpaka Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipoichukua 1837. Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na jumba la makumbusho likafunguliwa 1962. Kwa hiyo anayekuambia "kila unachokiona hapa ni cha Mreno" amekosea kwa karne tatu. Nyumba ya Kiomani iliyo juu ya buruji, na milango iliyochongwa, hayo si ya Mreno.

Hata mizinga ina hadithi tofauti. Nje ya ngome kuna miwili ya karne ya 20: mmoja wa meli ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa meli ya Kiingereza Pegasus. Septemba 1914 Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja. Mwaka uliofuata yenyewe ikaangamizwa katika delta ya Rufiji. Leo mizinga ya maadui hao wawili imekaa pamoja Mombasa, watoto wanaipanda.

Halafu lile shimo. Kuna njia iliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe kushuka mpaka baharini, na wapo watembezaji wanaoshusha sauti wakifika pale: "Watumwa walipitishwa hapa." Biashara ya watumwa pwani yetu ilikuwa kweli, na ilikuwa chungu, haihitaji kutiwa chumvi. Njia ile ilikuwa ya kupakulia shehena na vyakula kutoka kwenye vyombo vidogo.

"Nusu saa yatosha"

Inatosha kama nia yako ni picha moja ya wasifu. Mimi huhesabu saa mbili, na hukazania saa ya kufika zaidi ya urefu wa ziara: lango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, basi uwe pale saa mbili na nusu. Saa tano uani hakuna kivuli cha maana. Yale mawe ya matumbawe hulinywa jua asubuhi yote, kisha hukurudishia usoni. Kuanzia Januari hadi Machi, usijaribu kabisa kuingia saa saba mchana ukiwa na mtoto mgongoni.

Kitu kimoja tafadhali usikipite: kipande cha lipu chenye michoro ya Wareno. Si kazi ya msanii. Ni walinzi au mabaharia waliokuwa na muda mwingi na hawana la kufanya, wakachora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu, vitu walivyoviona au walivyovitamani. Meli ndizo nyingi. Shemeji yangu aliutazama ukuta ule kimya, kisha akasema, "Kumbe hawa nao walitaka kwenda nyumbani." Nikajua ratiba yake imekufa, na nikafurahi.

Malipo: usije na noti tu ukadhani mambo yamekwisha. Siku hizi ada za makumbusho hulipwa kwa simu kupitia mfumo wa serikali, eCitizen, basi uwe na chaji na salio. Mkenya ana kiingilio chake na mgeni wa nje ana chake, kwa hiyo beba kitambulisho. Na si kila anayekusalimia "karibu sana ndugu yangu" nje ya lango ni mfanyakazi wa hapo. Mtembezaji mzuri ana thamani yake, nami sijawahi kujuta kumlipa mmoja, lakini omba kitambulisho chake na mkubaliane bei kabla hajafungua mdomo. Mkishafika kwenye buruji ya tatu ni kuchelewa.

"Ijumaa kila kitu kimefungwa"

Ngome iko wazi Ijumaa, iko wazi Jumapili na sikukuu pia. Kinachofungwa ni maduka mengi ya Mji wa Kale, tangu karibu saa sita mpaka saa nane hivi, watu wakienda kuswali. Ukilijua hilo halikusumbui: asubuhi ngome, mchana chakula na kivuli, alasiri vichochoro. Mwezi wa Ramadhani ni kinyume. Mchana hutapata pa kula humo ndani, na ukinywa maji barabarani utakuwa umekosa adabu, lakini baada ya magharibi mitaa huwa na watu na harufu za vyakula usizozipata mwezi mwingine.

Kuhusu mavazi, hakuna atakayekudai buibui. Mabega na magoti yafunikwe, basi. Dada zangu wa bara, mimi huwaambia wabebe leso moja. Jua likizidi itakuwa ya kichwani, wakiketi barazani itakuwa ya mapajani. Asiye nayo atanunua Biashara Street, na mafundi wenye vyerehani pale nje watampindia akisubiri. Ila asome kwanza jina la leso, yaani msemo ulioandikwa chini. Nimemwona mgeni amejifunga maneno ya mafumbo ya mke mwenza, anatabasamu, mtaa mzima unacheka kimoyomoyo.

Jambo jingine dogo: Mji wa Kale si wa kale kiasi hicho. Mji wenyewe ni mkongwe kweli, na Msikiti wa Mandhry hutajwa kuwa wa mwaka 1570, yaani uliitangulia ngome. Lakini nyumba nyingi mnazopiga picha ni za karne ya 19 na mwanzo wa 20, na zile roshani za mbao zilizonakshiwa zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Hazipungui uzuri kwa hilo. Bisha hodi kabla ya kupiga picha mlango wa mtu. Nyuma yake kuna watu wanapika.

"Diani si hapo tu?"

Hapo tu, kwa ndege wa angani. Kutoka ngomeni kwenda Diani kuna kivuko cha Likoni. Kwa mtembea kwa miguu feri ni bure na ni raha, dakika chache tu majini. Kwa mwenye gari, foleni ya jioni yaweza kukula saa nzima au zaidi. Barabara ya Dongo Kundu husaidia anayetoka bara moja kwa moja kwenda kusini. Aliyekwisha kuingia kisiwani haimpunguzii sana. Nyali haina feri, ina daraja, ila jioni daraja hilo nalo lina tabia zake. Ushauri wangu ni mmoja: siku ya Fort Jesus, usivuke. Haller Park iwe siku ya kaskazini, Diani iwe siku ya kusini.

Treni nayo huwadanganya watu wa Nairobi. Tiketi imeandikwa Mombasa, lakini stesheni ya SGR iko Miritini, ng'ambo ya kisiwa. Anayetoka Nairobi na treni ya asubuhi ataiona ngome alasiri, si asubuhi. Siku moja kwenda na kurudi haifai.

Kula? Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, kabla ya lango kufunguliwa. Wageni wengi hula kwanza mkate wa hotelini kisha wanakuja kuyatazama mahamri kwa macho tu. Alasiri, jua likilegea, kahawa tungu kwa kikombe kidogo kule vichochoroni, kisha tuktuk mpaka bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, mkae chini ya mibuyu na mhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili. Kuogelea hapana. Pale ni majabali, na wale vijana unaowaona wanaruka wameyajua maji hayo tangu utotoni.

Mkirudi mjini mtapita chini ya zile pembe kubwa za ndovu zilizokingama juu ya barabara ya Moi Avenue, na lazima atatokea mtu wa kuuliza waliuawa ndovu wangapi. Hakuna. Ziliwekwa 1952 kwa ziara ya binti mfalme Elizabeth, naye hakufika: babake alifariki Februari 6 yeye akiwa huku Kenya, akarudishwa kwao kwa ndege. Shemeji hakuniamini. Akateremka kwenye tuktuk, akavuka barabara huku akipigiwa honi, akaigonga moja kwa kifundo cha kidole. Ikalia bati.