Kwanini nakwambia urudi baada ya miezi mitatu

Juzi tulikuwa Tabora kwa huduma ya mkoba, nikampata mzee mmoja wa Urambo, mlina asali, ana pesimeka (kimashine cha betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, kinaupigisha moyo kwa umeme) mwaka wa nne sasa. Kakaa, kagonga gonga kifuani kwake pale chini ya mtulinga, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiki kibati nakisikia hapa. Ila ule waya uliozama ndani, moyo umeukubali kweli?"

Yaani swali zuri hilo sijawahi kuulizwa, maana wengi wao ni betri betri betri.

Nikamrudishia kwa nyuki. Babu, mjusi akiingia mzingani wakamuua, wanamtoaje? Akasema hawamtoi, mzito yule, wanampaka gundi mwili mzima anakaa humohumo miaka na wala hanuki. Basi na moyo ndo hivohivo. Haukubali haukatai, unaufungia.

Iko hivi. Waya unapita kwenye mshipa wa damu karibu na bega, unashuka mpaka chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, na nchani kuna kaskrubu kadogo, kama milimita 2, tunakazungusha kanauma nyama (nyaya zingine zina vijiti vya kunasa tu, hazina skrubu). Hapo ushaujeruhi. Nyama inavimba, seli za kinga zinakuja mbio kutaka kuumeza huo waya, zinashindwa, zingine zinaungana kabisa ziwe lijiseli moja likubwa na bado linashindwa, kwahiyo mwili unabadili mbinu, unaanza kusuka nyuzi za kovu kuizunguka ncha.

Shida ni kwamba kovu halishtuki kwa umeme. Umeme inabidi ulivuke ukaikute nyama hai huko nyuma. Ule umeme mdogo kabisa unaotosha kuufanya moyo upige sisi tunauita kizingiti, na hichi kizingiti siku ya kwanza unaweza kukuta nusu volti, mnafurahi, afu wiki zinazofuata uvimbe ukikolea kinapanda, halafu uvimbe ukitulia na kovu likijibana kinashuka, na kufika mwezi wa tatu kimeshakaa. Nyaya za zamani kilikuwa kinapanda vibaya sana mpaka moyo wa mtu unaacha kusikia mashine. Miaka ya 1980 ndo wakaanza kuweka deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, nchani, haifiki hata miligramu 1, inachuruzika polepole palepale kwenye kidonda, uvimbe unakuwa mdogo. Kitu kidogo hivo, mi hadi leo naona ni akili kubwa kuliko kompyuta yote iliyomo kwenye kibati.

Sasa kwa sababu ya huo mpando, mwanzoni tunaacha mashine ipige kwa nguvu, mara nyingi volti 3.5, ili hata kizingiti kikipanda usizimike. Baada ya miezi mitatu unarudi tunashusha. Mashine nyingi za siku hizi zinajishusha zenyewe, ila ya babu haikuwa hiyo, na alikowekewa walimwambia ukijisikia vizuri huna haja ya kurudi. Nikamsoma: kizingiti 0.75, mashine bado inapiga 3.5, miaka minne! Pigo la volti 3.5 linakula nguvu kama mara tatu ya la volti 2. Nikashusha, roho inaniuma kwa betri iliyoliwa bure.

"Betri ikiisha mtatoa na waya?" Hapana babu, tunabadili kibati tu. Waya ukishakaa miaka, kovu linakuwa limeushika hadi kwenye mshipa na pale kwenye valvu, kuung'oa ni kazi ya hatari, kuna wanaotumia hadi leza, na bila sababu ya maana kama maambukizi hatuugusi.

Na kovu hilohilo ndo linaloushikilia waya usichomoke. Ndo maana tunasema usinyanyue mkono juu ya bega wiki 4 hadi 6 za mwanzo, baadae umeshafungwa, fanya kazi zako.

Babu akanyamaza. Afu, "Mi waliniambia nisinyanyue. Hawakusema mpaka lini."

Nikamwambia anyanyue mkono wa kushoto. Uliishia usawa wa kidevu, bega limeganda, na mizinga yake miaka yote minne amekuwa akipandiwa na vijana.

Nimemwandikia mazoezi ya bega.