Mahakama ya maveterani si mahakama ya kijeshi

Kila zinapokuja habari za askari wa zamani wa Marekani aliyeshtakiwa kwa ulevi au dawa za kulevya, hakosekani mtu wa kuandika kwamba "amepelekwa mahakama ya kijeshi". Hapana.

Mahakama ya maveterani ni utaratibu ndani ya mahakama ya kawaida ya kiraia. Mshtakiwa aliyewahi kutumikia jeshi, na ambaye kosa lake lina mizizi katika ulevi, dawa za kulevya au maradhi ya akili, anapewa nafasi ya kutibiwa chini ya macho ya jaji badala ya kufungwa. Basi, maana yenyewe ndiyo hiyo.

Mahakama ya kijeshi ni habari nyingine kabisa. Huko anayeshtakiwa kwa kawaida bado ni askari, sheria ni ya jeshi, na wanaomhukumu ni wanajeshi. Msomaji wa Goma au Kampala akisikia jina hilo anakumbuka raia waliosimamishwa mbele ya maofisa wenye magwanda. Uganda ilifanya hivyo miaka mingi mpaka Mahakama ya Juu ilipotamka, Januari 31, 2025, kwamba ni kinyume cha katiba; haikufika hata nusu mwaka, Bunge likapitisha sheria ya kuufungua tena mlango huo. Ukimwambia msomaji huyo kwamba askari wa zamani yuko mahakama ya kijeshi, umemweleza kinyume cha kilichotokea.

Chukua mfano wa mahakama ya maveterani ya Buffalo, jimbo la New York: ilianza Januari 2008 chini ya Jaji Robert Russell. Alikuwa tayari anaendesha mahakama ya matibabu kwa watumiaji wa dawa za kulevya, aina iliyoanzia Miami mwaka 1989, akawa anaona maveterani wanaongezeka mbele yake. Mmoja, aliyepigana Vietnam, alikuwa amejifunga, haongei na yeyote. Jaji akawaomba watumishi wawili waliowahi kuwa askari watoke naye nje wakazungumze. Aliporudi alisimama wima, akasema yuko tayari kujaribu. Ndiyo maana mahakama hizi huwa na walezi wa kujitolea, maveterani kwa maveterani. Mlezi si wakili wala daktari. Ni mtu wa kumpigia simu usiku.

Linaloniudhi kuliko yote ni lile la "wamesamehewa kwa sababu ni mashujaa". Heshima kwa utumishi ipo, hakuna anayeikana. Lakini mara nyingi mshtakiwa hukiri kosa kwanza, kisha kwa mwaka mmoja au zaidi anaripoti kwa jaji, anapimwa mkojo bila taarifa, anahudhuria tiba. Akikaidi, anaweza kulala mahabusu au kurudishwa kwenye hukumu ya kawaida. Wapo wanaopiga hesabu na kuona kifungo kifupi ni nafuu, wakakataa kuingia.

Tena heshima yenyewe haiwafikii wote. Tiba nyingi hulipiwa na idara ya serikali kuu inayohudumia maveterani, na aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha kwa kawaida hana haki nayo. Sasa fikiria askari aliyerudi na kiwewe cha vita, akaanza kuvuta bangi ili apate usingizi, akakamatwa, akafukuzwa. Jeraha lililompeleka mahakamani ndilo hilohilo lililomnyima hospitali. Baadhi ya mahakama humpokea hata hivyo na kumtafutia tiba kwingine. Nyingine humwambia hana sifa. Masharti hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, hata kati ya kaunti na kaunti, hasa kwa makosa ya kutumia nguvu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandika "jeshi limemsamehe", badilisha maneno machache tu: jeshi halikuwemo. Alikiri mbele ya jaji wa kiraia, akatibiwa, akamaliza masharti, na shtaka likafutwa au likapunguzwa.