Kijana hajaenda kula bata

Juzi jioni nilikuwa Ngamiani, nimesimama kwa mama mmoja kununua mkate wa kumimina. Pembeni pana baraza la kahawa, na mzee mmoja jirani yetu alikuwa anawasimulia wenzake habari za mpwa wake aliye jeshini. "Yule ana bahati yake. Wenzake wamepelekwa porini, yeye kapelekwa kusoma Kifaransa. Kula, kulala na bonjour." Baraza zima likacheka.

Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka mingi na kwa lugha zaidi ya moja. Safari hii sikuweza kupita. Nilimwamkia, nikavuta kigoda, mkate ukapoa mkononi. Niliyomwambia pale ndiyo ninayoyaandika hapa, na mengine niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Nimefundisha Kiswahili kwa wanajeshi kwa miaka tisa, nje ya nchi, katika shule ambayo sitaitaja. Sikuwa na cheo wala buti. Nilikuwa raia, mwanamke wa Tanga aliyetoka kufundisha sekondari, nimesimama mbele ya watu waliozoea kusimama wima.

Siku yao ilianza saa kumi na moja alfajiri kwa mchakamchaka. Halafu usafi wa hanga, ukaguzi wa kombati, paredi, chai, na saa mbili kamili darasani. Vipindi sita, siku nyingine saba. Darasa lilikuwa na watu sita, wakizidi wanane, kwa hiyo hakuna kiti cha nyuma cha kujifichia. Jioni kuna kazi ya kufanya hangani, ya muda wa saa mbili hadi tatu, na maneno mapya ya kesho. Watu wanadhani mtu akipelekwa shule, lindo linafutwa. Halifutwi. Nimefundisha vijana waliotoka lindoni alfajiri wakaja kunisikiliza nikieleza ngeli ya U-ZI. Mmoja aliomba ruhusa asome amesimama ukutani, maana akikaa tu usingizi unambeba.

Shule ya namna hii inayojulikana kuliko zote ni ya jeshi la Marekani, iko Monterey, California. Ilianza Novemba 1941 huko San Francisco kwa kufundisha Kijapani, na wanafunzi wake wa kwanza karibu wote walikuwa vijana wa Kimarekani wenye asili ya Kijapani. Wiki chache baadaye Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii. Siku hizi kozi zake ni za wiki 36 hadi 64, na Kiarabu, Kichina na Kikorea ziko kwenye hizo 64. Na kwa wale wanaosema Kiswahili ni chepesi, miezi mitatu inatosha: Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inawapangia wanadiplomasia wake wiki 36 hivi za Kiswahili, yaani zaidi ya saa 800 za darasani. Mwanadiplomasia halindi geti usiku.

Uchovu wa mwili wanauzoea. Kinachowavunja ni kingine. Mwanajeshi amefunzwa kuwa amri ni moja, jibu ni moja, na kosa lina gharama. Sasa anaingia kwangu, ambako asipokosea kwa sauti hajifunzi. Tena anakosea mbele ya watu wa chini yake, kwa sababu darasani kapteni anakaa bega kwa bega na askari wa kawaida, na mara nyingi askari ndiye mwenye ulimi mwepesi. Nilikuwa na sajini mmoja, mtu mzima, aliyekaa kimya wiki mbili. Alikuwa anajua. Ukimpa karatasi anaandika vizuri. Ila hakutaka kutamka "kitabu changu" mpaka awe na hakika si "kitabu yangu". Siku aliyokosea kwa mara ya kwanza mbele ya wote shingo ilimwiva, na mimi nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha kubwa.

Hapo ndipo ninapomfikiria Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita. Waliokaa mbele yake walikuwa watu wanaojiandaa kuja huku kututawala. Kumsahihisha matamshi mtu anayeamini amezaliwa juu yako ni kazi nzito sana. Wanafunzi wangu waliniheshimu, na bado kulikuwa na siku ambazo nililazimika kumkumbusha mtu kwamba chumbani humu nyota za begani hazibadilishi upatanisho wa sarufi.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote: saa. Kila nikieleza ugumu wa kazi hii, mtu huniambia, "Lakini saa si kuongeza sita tu, mwalimu?"

Si kuongeza sita tu. Mwanajeshi anaishi kwa saa ishirini na nne. Kwake 0800 na 2000 ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo, na jeshi limempa mfumo huo makusudi ili asichanganye. Mimi namwambia kwamba zote mbili ni saa mbili. Akiwa na karatasi na kalamu hana shida. Shida ni pale anaposikiliza sauti ya mtu anayesema haraka, "tukutane saa nane kasorobo." Aipunguze robo, aisogeze sita, aamue kama ni mchana au usiku kwa kuangalia kinachozungumzwa, na wakati anafanya hesabu hiyo msemaji ameshasema sentensi tatu nyingine ambazo hakuzisikia. Mtihani wa kusikiliza unawaangusha wengi hapo hapo. Maneno wanayajua, wanachokosa ni muda wa kuyapokea.

Bado siku yenyewe. Kwetu pwani siku inaanza jua likizama. Tuna "usiku wa kuamkia Ijumaa", na wazee wetu wanakata kabisa, wanasema "usiku wa Ijumaa", wakimaanisha ule ule wa Alhamisi. Nilikuwa na kanda ya sauti ya bibi mmoja wa Pangani akieleza jinsi wageni walivyobisha hodi: "Walikuja usiku wa Ijumaa, saa nne." Kijana mmoja aliandika: Ijumaa, 2200. Nikamwekea mkasi. Alikuja mezani kwangu na karatasi yake, akachora mstari, akaweka jua linalozama, akaandika siku juu na siku chini, akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, mstari unakatwa wapi?" Nikamwonyesha penye jua. Akaukata pale, akautazama kwa muda, akasema, "Basi ningekuwa nimechelewa siku nzima."

Nilifurahi, lakini jambo halikuishia hapo. Mwenzangu wa kazi, kijana aliyekulia Dar es Salaam, aliposikiliza kanda ile naye aliandika Ijumaa. Ni Mswahili kamili, lugha ameipata kwa mama yake. Kwake usiku wa Ijumaa ni usiku unaofuata baada ya Ijumaa mchana, na hata hapa Tanga vijana wengi wa leo watakuambia hivyo hivyo. Kwa hiyo jibu sahihi linategemea anayesema ni nani, ana umri gani, na ametoka wapi. Karatasi ya mtihani ina kisanduku kimoja. Swali lile nililitetea mwaka mzima, kisha nikaliondoa, na mpaka leo sijui kama nilifanya haki. Nililiondoa kwa kuwa halina jibu moja, na kule wanakokwenda maneno ya watu hayana jibu moja.

Tofauti ya "nitakupiga" na "nitakupigia" siielezi hapa. Silabi moja inatosha kuharibu mazungumzo kwenye kizuizi cha barabarani, hilo kila mtu analiona.

Nina mashaka mengine. Nilifundisha Kiswahili sanifu kwa sababu ndicho kilichoandikwa kwenye muhtasari. Wanafunzi wangu waliofika mashariki mwa Kongo waliniandikia kwamba wiki za kwanza walihisi wamesomea lugha nyingine. Wanasikia "batu banakuja" na wao wanasubiri "watu wanakuja". Wakazoea, sawa, lakini ningewapa hata saa moja kwa wiki ya Kiswahili kile wangezoea mapema. Sikuwapa. Niliogopa wataharibu sarufi, na siku hizi nadhani woga ule ulikuwa wangu zaidi kuliko wao.

Na ule mtihani wa kupima kipaji kabla mtu hajachaguliwa, unaotumia lugha ya kubuni ili asiwepo aliyewahi kuisikia, una mantiki nzuri. Ila nimeona wenye alama za juu wakiondolewa kozini na kupangiwa kazi nyingine, na nimeona mmoja wa alama za chini akimaliza wa kwanza, kwa sababu alikuwa anapiga soga na wapishi wa mesi waliotoka Mombasa kila siku baada ya chakula.

Mzee alinisikiliza kimya, kikombe kimepoa. Kisha akasema, "Lakini huyu wetu anasoma Kifaransa, mwanangu. Saa zao si kama za jeshi?" Ndiyo, na hapo kijana wa Tanga anaanza kuteseka upande wa pili, maana akisikia saa kumi na nane lazima kichwani iwe saa kumi na mbili jioni. Na namba zenyewe: Wafaransa wakitaka kusema sabini wanasema sitini-kumi, tisini ni nne-ishirini-kumi. Mtu akikusomea namba ya gari au ya ramani kwenye redio kwa mtindo huo, utaandika sitini kabla hajamaliza. Akipelekwa Kongo atapata nafuu kidogo, kule sabini ni septante na tisini ni nonante. Akipelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, nafuu hiyo hana.

"Sasa nimtumie nini?" akaniuliza. Nikamwambia hedifoni nzuri, zile za kuziba masikio, maana hanga lina kelele na kazi yake kubwa ni kusikiliza. Na asimpigie simu jioni, jioni ana maneno ya kesho. Ampigie Jumapili.

"Jumapili saa ngapi?"

"Saa nane," nikasema, "ya mchana."

Akatoa simu yake ya vitufe, akaniomba nimwandikie.