Kwa Nini Kodi ya Mashamba ya Misri Ilisubiri Nile Itimize Dhiraa 16?

Waosmani, yaani Waturuki wa Istanbul, walipoiteka Misri mwaka 1517, walirithi kanuni ya kale: kodi kamili ya ardhi haidaiwi mpaka maji ya Nile yatimize kimo cha dhiraa 16 (dhiraa ni urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole).

Mvua ya Misri ni haba mno. Mafuriko yaliletwa hasa na mvua za milima ya Ethiopia, zinazoteremkia Nile ya Bluu kuanzia Juni hadi Septemba. Wakulima waligawa bonde kwa matuta ya udongo, yakawa majaruba makubwa. Mto ukipanda, mifereji ilifunguliwa, na maji yakatuama jarubani siku 40 hivi au zaidi. Yakishatolewa, ngano na shayiri zilipandwa kwenye tope lenyewe, mara nyingi bila jembe kugusa ardhi.

Kipimo kilikuwa kisiwani Roda, Cairo: nguzo ya marumaru yenye pande nane, ndani ya kisima kilichounganishwa na mto, iliyojengwa mwaka 861. Wapiga mbiu walitangaza mitaani maji yamepanda kiasi gani. Dhiraa 16 zikitimia, boma la mfereji wa mji lilivunjwa kwa shangwe, na hapo kodi ikawa halali.

Shamba lisilofikiwa na maji liliitwa sharaki, na lilisamehewa kodi. Lakini maji yakizidi nayo ni balaa: matuta hupasuka, vijiji huzama, na jaruba huchelewa kukauka mpaka msimu wa kupanda umepita.

Kwa hiyo tuta lilikuwa muhimu kuliko hata mbegu. Yale makubwa, yaliyoitwa ya kisultani, yalikuwa jukumu la serikali. Madogo yalikuwa ya kijiji. Tuta la juu likipuuzwa, kijiji cha chini hukosa maji hata mwaka ambao mto umejaa vizuri. Kanuni za utawala za mwaka 1525 ziliwabebesha maofisa wa wilaya ulinzi wa matuta hayo.

Mambo yalizidi kuwa magumu katika karne ya 17, haki ya kukusanya kodi za vijiji ilipopigwa mnada. Mnunuzi, multazim, aliipa hazina kiasi kilichopangwa, na kilichobaki kikawa chake. Mtu wa namna hiyo hakuwa mwepesi wa kukubali kwamba shamba ni sharaki. Tena dhiraa 16 zilikuwa kiwango cha sheria tu. Mashamba ya mwinuko yalihitaji maji zaidi. Mto uliposhindwa kabisa mwaka 1694, njaa ilidumu hadi 1696, na wanavijiji wakamiminika Cairo kutafuta mkate.