Gofu ya kulipwa: yanayosemwa na yalivyo

"Akishaingia gofu ya kulipwa, mshahara upo." Mshahara wa nani? Mwanasoka ana klabu, na hata akiumia pesa inaingia. Mcheza gofu anajinunulia tiketi ya ndege, analipia hoteli na kedi, yaani mbeba fimbo zake, kisha ndipo anasimama kwenye shimo la kwanza. Shindano la kawaida ni siku nne, mashimo 18 kila siku, na Ijumaa jioni, siku mbili zikiisha, hukumu inasomwa: kwenye PGA Tour, msururu mkuu wa mashindano Marekani, kwa kawaida hubaki 65 bora na waliofungana nao. Waliobaki nje hufungasha virago, mara nyingi bila senti. Hata Kenya Open, iliyoanza 1967 na kuingia kwenye ratiba kuu ya Ulaya 2019, wenyeji wengi safari yao huishia Ijumaa hiyo.

Mtazame Max Homa. Msimu wa 2016–17 alicheza mashindano 17 ya PGA Tour, akavuka mchujo mara mbili tu, na mapato yake yote yakawa dola 18,008. Toa nauli na malazi ya miji yote hiyo, uone kama kuna cha kupeleka nyumbani. Mwaka 2019 huyo huyo alitwaa Wells Fargo Championship. Ukisoma habari ya ushindi huo peke yake, utadhani kazi hii ni kuokota pesa.

"Kitita chote ni chake." Kuna kodi, na kuna kedi, ambaye kwa desturi hupata karibu asilimia 10 mchezaji wake akishinda. Desturi, si sheria. Mwaka 2018 Matt Kuchar alishinda Mexico karibu dola milioni 1.3, akampa kedi wa pale 5,000. Zilipopigwa kelele, malipo yakapanda hadi 50,000. Kelele hizo zilistahili.

"Usipoanza utotoni umechelewa." Hii inatokana na Tiger Woods, aliyeonyeshwa kwenye runinga akiwa na miaka miwili, na imewatia wazazi wengi kiwewe. Mimi ningewaonyesha Calvin Peete. Alikuwa mchuuzi, akiwafuata vibarua wa mashambani kutoka Florida hadi New York na bidhaa zake. Fimbo ya gofu aliishika mara ya kwanza akiwa na miaka 23. Tena kiwiko cha kushoto kilivunjika alipoanguka mtini utotoni, mkono usinyooke tena, wakati somo la kwanza la kila mwalimu wa gofu ni kunyoosha mkono huo. Alishinda mara 12 PGA Tour, na kuanzia 1981 hadi 1990 hakuna aliyempita kwa kuuweka mpira wa kwanza kwenye nyasi fupi, katikati ya njia.

"Wote wapo kwenye runinga." Wengi wapo klabuni, wanafundisha na kuendesha duka la vifaa. Nayo ni gofu ya kulipwa.

"Ukishinda, pesa unachukua." Si ukiwa mchezaji wa ridhaa. Januari 2024 Nick Dunlap, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 20, aliwashinda wote kwenye The American Express, California. Dola 1,512,000 za mshindi zikaenda kwa Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, aliyemaliza wa pili. Siku chache baadaye Dunlap akaiacha ridhaa.