Nguvu iliyovunja kioo cha gari lako haikuja na mwizi

Gari likiletwa gereji likiwa limevunjwa kioo cha mlango, mwenye gari huanza na swali lilelile: mwizi alitumia kitu gani kizito namna hii? Viti vimejaa chenga, mpaka mfuko wa mlango umejaa. Jibu langu huwa haliwaridhishi: huenda alitumia kitu kidogo kuliko kidole. Nguvu iliyokisambaratisha kile kioo ilikuwamo ndani yake tangu kiwandani.

Vioo vya milango na cha nyuma kwa kawaida ni vya tempadi (“tempered”), yaani vilivyokazwa kwa joto na kupozwa ghafla. Kioo hukatwa kwanza kwa kipimo, kikatobolewa matundu na kusuguliwa kingo, ndipo kikaingizwa kwenye tanuri hadi kupita nyuzi joto 600 za Selsiasi. Kikitoka hupulizwa upepo mkali pande zote mbili. Nje hupoa na kukaza upesi. Sehemu ya kati huchelewa, na inapopoa hutaka kusinyaa, lakini ngozi ya nje imeshakaza, haikubali. Kuanzia hapo nje kunabanwa na ndani kunavutwa, muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa tu kivulini. Kwenye kioo cha milimita 4, tabaka linalobanwa lina kama milimita 0.8 kila upande.

Ufa haufunguki mahali panapobanwa, kwa hiyo ukipiga ngumi katikati kioo hupinda kidogo kikarudi, na mkono ndio unaoumia. Ncha kali ikipenya mpaka ndani panapovutwa, hapo mtego wa panya umefyatuka. Ufa hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, ukijigawa kila unakopita, na kioo kizima kinakuwa punje kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana nakataa kabisa mteja anaponiomba nimpunguzie tempadi “sentimita moja tu”. Haipunguziki.

Kingo ndizo zenye udhaifu mkubwa. Mlango wa bafuni wa tempadi unaweza kubeba mtu mzima akiuegemea, ila ukiusimamisha kwa kona juu ya marumaru unaweza kubaki na rundo la chenga. Vijana wa kazi, wekeni mbao au kadibodi chini.

Kuna na ile inayoleta maneno mtaani: mlango wa bafu au meza ya kioo inapasuka yenyewe usiku, hakuna aliyeigusa. Watu wanataja majini, au wanamlaumu fundi (mara nyingine kweli ni fundi, alikaza skrubu kupita kiasi). Lakini mara nyingine ni chembe ya salfaidi ya nikeli iliyoingia wakati kioo kinayeyushwa, ndogo mno kuonekana kwa macho. Kioo kinapopozwa ghafla, chembe hiyo hukwama katika umbo lake la moto, kisha hubadilika taratibu kwa miezi au miaka, huku ikivimba. Ikiwa imekaa katikati panapovutwa, siku moja inafyatua. Kioo kikibaki kwenye fremu, tafuta mahali nyufa zote zilipoanzia: utaona vipande viwili vikubwa kuliko vingine, vimeshikana kama mabawa ya kipepeo.

Kioo cha mbele ni habari nyingine. Ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, wazo ambalo mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alilipatia hataza mwaka 1909. Jiwe likikipiga, kinapata ufa, hakimwagiki. Ufa huo usiuache mpaka masika, kwa sababu unyevu ukifika kwenye ncha yake huusaidia kurefuka. Na usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua mchana kutwa.

Sasa ile nyundo nyekundu ndani ya basi. Ncha yake ni ndogo makusudi. Piga karibu na kona ya dirisha, si katikati. Usihangaike na kioo cha mbele, utando hautakuruhusu kupita. Siku hizi baadhi ya magari yana utando hata kwenye vioo vya milango, na nyundo hiyo haitakusaidia hapo. Soma muhuri mdogo kwenye kona ya kioo ungali umeegesha: ukikuta “Laminated” kwenye mlango, jua dirisha hilo si njia ya kutokea, tafuta lenye “Tempered”.